Baskeli za mbio barabara ya Jozani: ziendelee au zihamishwe?

Gurudumu
Asalaam aleikum wana jukwaa. Kuna maneno yanazunguka vijiweni, bora tuyaseme hapa wazi. Sisi tunaopanda baskeli za mbio tuna mzunguko wetu wa kusini: Mjini, Tunguu, Bungi chini ya miembe ya Bi Khole, Unguja Ukuu, Jozani, Kitogani, Paje, Jambiani, Makunduchi, halafu tunarudi kwa njia ya Kizimkazi na Muyuni mpaka Kitogani tena. Unguja haina mlima wa maana, mazoezi yetu ni upepo na masafa, na kisiwa kizima hakina mzunguko mzuri kama huu. Sasa wapo wanaotaka kipande cha Pete mpaka Kitogani, kwenye msitu wa Jozani, kifungwe asubuhi kwa makundi ya baskeli, kwa sababu kima punju, wale wekundu wa msituni, wanavuka. Mimi nasema kima wanauliwa na gari. Baskeli yangu haifiki kilo 10. Mnasemaje?

BintiPete
Waaleikum salaam. Kilo 10 ni za baskeli, kaka, na wewe uliyekaa juu yake je? Mnakuja kundi zima, wawili wawili, vichwa chini, kengele hamna. Gari hata ikiwa mbaya inasikika. Nyinyi mnamfikia mtu mgongoni ndipo anajua mpo. Kima mwenye mtoto tumboni akiwa katikati ya lami, mtamkwepa vipi na mwenzako yuko shubiri moja nyuma ya gurudumu lako? Sijataka mfungiwe. Nataka mpunguze mwendo kwenye msitu, basi. Au mwende njia ya Dunga na Chwaka.

Mwanamjini
Watu wa shamba kila kitu ni lawama. Baskeli siku hizi ni michezo, si ya kubebea majani ya ng'ombe tu. Kijana akipata medali nyote mtasema ni wa kwenu.

Mzee wa Ukuu
Wewe Mwanamjini, nimesoma nikarudia. Majani ya ng'ombe ndiyo yaliyokunywesha maziwa. Muhogo wa huku, ndizi, samaki wa kukaanga, vyote vilifika soko la Darajani juu ya baskeli, usiku, kwa taa ya dainamo, na barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Mtu anatoka alfajiri na mzigo unaomzidi uzito, anauza, anarudi kuwahi adhuhuri. Hiyo haikuwa michezo? Tulikuwa na mapaja kuliko nyinyi wa suruali za kubana. Usituletee dharau hapa.

Mwanamjini
Hakuna aliyedharau, babu. Nimesema ukweli kwamba barabara ni ya wote.

Mzee wa Ukuu
Ukweli hauanzi na "watu wa shamba".

Ng'ambo Yetu
Naunga mkono mzee. Na huyo Mwanamjini, ukimuuliza babu yake kazaliwa wapi utasikia Donge au Bambi. Mjini hapa wangapi si wa shamba?

Mwanamjini
Babu yangu kaingiaje? Donge ninakujua kuliko wewe. Tujadili baskeli.

Kiti cha Mbele 309
Mimi naendesha daladala ya Jambiani, njia hiyo ni kazi yangu. Nawaambia nyote: vijana wa baskeli wana makosa yao, hasa kurudi Kitogani wakiwa wamechoka, wanatanuka mpaka mstari wa kati. Lakini wanaonitoa jasho ni wageni wa vespa za kukodi. Hajawahi kuendesha kushoto, macho yako juu ya miti kutafuta kima, anasimama ghafla kwenye kivuli. Na gari za kuwahi uwanja wa ndege, hizo tuta hazilijui. Mkifunga baskeli mkawaacha hao, kima watazidi kufa.

BintiPete
Na daladala je? Mbona umejiruka?

Kiti cha Mbele 309
Nina abiria na matenga juu ya gari, dada yangu. Nikiruka tuta nitasikia matusi mpaka Jambiani.

Msitu na Watu
Naomba nafasi kidogo, maana nimefanya kazi na watu wa hifadhi na mambo haya yananihusu sana. Kima punju kwa asili hayupo kokote duniani isipokuwa Unguja. Wale wachache wa Ngezi, Pemba, walipelekwa miaka ya 1970. Hesabu ya karibuni ilitoa zaidi ya 5,800 kisiwa kizima, wengi kuliko tulivyodhani zamani, lakini bado ni idadi ya kijiji kimoja kikubwa. Matuta ya Jozani yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yanawaua, na vifo vilipungua baada ya hapo. Vilipungua, havikwisha.

Jambo ambalo hatulitaji ni matawi. Kima hapendi lami. Anashuka pale ambapo miti ya upande huu haigusani na ya upande wa pili. Matawi yakikutana juu ya barabara, anapita juu na wewe na baskeli yako hujui kama kapita. Kila tunapotanua njia na kukata kivuli tunamshusha chini. Kwa hiyo mtu wa baskeli na mtu wa Pete wana haja moja: miti isikatwe pembezoni. Kivuli kile kile kinachomfurahisha Gurudumu saa nne ya jua ndicho daraja la kima.

Na Chwaka si jibu. Ghuba iko katikati, kutoka Chwaka hufiki Paje kwa barabara ila urudi kwenye njia hii hii ya Jozani. Ukiendelea Uroa na Pongwe unakutana na msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe, na kima wamo humo pia.

Mnazi Mrefu
Kima, kima, kima. Nimesoma posti zote, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye shamba. Mimi nina minazi karibu na Pete. Wanakuja kundi, wanapasua vidaka, nazi zikiwa bado changa, wananyonya, wanatupa. Nazi yangu moja haivuki barabara ikanirudia. Gari ikimgonga kima mmoja kisiwa kizima kinalia. Minazi yangu ikimalizwa nani analia?

Msitu na Watu
Ndugu yangu, hili lilichunguzwa. Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha utafiti mwaka 1999, walihesabu minazi huko huko Jozani. Vidaka vinaliwa vingi, kweli, lakini mavuno ya nazi zilizokomaa hayakupungua. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijakomaa.

Mnazi Mrefu
Walihesabu minazi ya nani? Yangu hawakuihesabu. Mtafiti anakuja na daftari, anakaa, anaondoka na shahada. Mimi nakaa na mnazi maisha yangu yote. Nauangalia kwa macho, siusomi.

Mzee wa Ukuu
Hapo niko na Mnazi Mrefu. Kima anakula. Ila na mimi nina minazi na kima wanaingia, nazi napata. Panya ndiye adui yangu.

Mnazi Mrefu
Panya nao wapo. Sijasema hawapo.

BintiPete
Ami, pesa wanazolipa wageni getini Jozani kuna fungu linakuja vijijini. Maji na madarasa ya skuli yamepatikana kwa kima hao hao.

Mnazi Mrefu
Mwanangu, fungu la kijiji si fungu la mwenye mnazi. Mfereji ukijengwa naushukuru, lakini aliyevunjiwa vidaka ni mimi peke yangu, na aliyekunywa maji ni wote pamoja na asiye na mnazi hata mmoja. Hiyo hesabu mwalimu gani atanifafanulia?

Ng'ambo Yetu
Hoja nzito hiyo. Kwani hao kima mkaa nao si wanakula? Nilisikia wanaiba mkaa jikoni.

Msitu na Watu
Wanakula mkaa, ni kweli, hasa wale wanaoishi mashambani. Inaelezwa kuwa unawasaidia na sumu za baadhi ya majani wanayokula, kama ya miembe na mikungu. Lakini jamani, tunatoka kwenye mada.

Mwanamjini
Mada ilitoka zamani. Mimi nimetukanwa, babu yangu wa Donge naye katajwa, na hakuna aliyejibu kwamba barabara ile ni ya umma na baskeli ina haki sawa na gari.

Mzee wa Ukuu
Haki unayo, kijana. Nani kakunyima? Barabara ni ya umma, na sisi ndio umma unaolala kando yake. Ukitaka kupita, pita kwa salamu, piga kengele.

Gurudumu
Baskeli za mbio hazina kengele, mzee, lakini zinafungwa, si kitu kikubwa. Nimewasikia. Mimi nakubali wenzangu tuvunje kundi tukifika Pete, tupite mmoja mmoja, mwendo wa kupiga soga, mpaka Kitogani. Tuta tusiliruke. Lakini nataka na mimi niseme moja: tusifanywe sisi ndio dawa ya maradhi ya magari. Mkikaa kikao cha kijiji kuhusu baskeli, iteni na wenye vespa za kukodi, na wenye gari za uwanja wa ndege.

BintiPete
Wataitwa. Njoo na wewe, usitume mtu. Na wakati wa masika kima wapo pia, kwa hiyo mwendo wa soga usiwe wa kiangazi tu.

Mnazi Mrefu
Kikao hicho ajenda ya nazi imo?

BintiPete
Ami, ni kikao cha barabara.

Mnazi Mrefu
Basi nakuja na vidaka kwenye pakacha, niviweke mezani muvione. Halafu tuzungumze hiyo barabara.