Mita ya kwenda na mita ya kurudi: lita kwa saa zinageuzwaje kuwa kilo kwa saa?

Mtambo_Pwani:
Wakuu, habari za kazi. Jenereta ya dizeli, lodi imetulia kW 300. Mafuta yana mita mbili: laini ya kwenda injini inasoma lita 310 kwa saa, laini ya kurudi tangini inasoma lita 238. Tofauti ni 72. Nikizidisha kwa 0.845, densiti (kilo kwa kila lita) iliyo kwenye cheti cha mafuta, napata kilo 60.8 kwa saa, yaani gramu 203 kwa kila kWh. Kitabu cha jenereta kinasema 215 hadi 220 kwa lodi hii, na mashine yenyewe ni ya miaka mingi. Mashine iliyochakaa haiwezi kula kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Joto la mafuta: kwenda nyuzi 32, kurudi nyuzi 62. Hesabu inakosea wapi?

gaji_na_valvu:
Umetoa lita za moto kwenye lita za baridi, mkuu. Lita moja ya nyuzi 62 ina dizeli pungufu kuliko lita moja ya nyuzi 32, kwa hiyo mita ya kurudi inahesabu mafuta yaliyovimba na tofauti inaonekana ndogo. Geuza kila laini iwe kilo kwanza kwa densiti ya joto lake, ndipo utoe.

Densiti ya kwenye cheti, 0.845 au 845 kwa kilo kwa mita ya ujazo, ni ya nyuzi 15. Kwa dizeli ya aina hii, kila nyuzi moja ikipanda densiti hushuka karibu kilo 0.7 kwa mita ya ujazo. Ukitaka hesabu kamili ya majedwali ya mafuta, weka hii kwenye Excel:

α = 186.97/ρ² + 0.4862/ρ
kigawe = EXP(−α × ΔT × (1 + 0.8 × α × ΔT))

ρ ni densiti ya nyuzi 15 kwa kilo kwa mita ya ujazo, ΔT ni joto la mafuta ukitoa 15, α ni kiasi mafuta yanavyovimba kwa kila nyuzi. Kigawe ukikizidisha na ρ unapata densiti ya joto hilo. Kwa 845, α ni 0.000837.

Kwenda, nyuzi 32: kigawe 0.9857, densiti 832.9. Lita 310 × 0.8329 = kilo 258.2.
Kurudi, nyuzi 62: kigawe 0.9602, densiti 811.4. Lita 238 × 0.8114 = kilo 193.1.

Tofauti ni kilo 65.1 kwa saa, gramu 217 kwa kWh. Ndani ya kitabu kabisa. Namba hizo za α ni za mafuta yenye densiti ya 839 kwenda juu. Dizeli nyepesi zaidi ya hapo, pamoja na mafuta ya taa, tumia 594.54/ρ² peke yake.

Vihisi vya joto viwe kwenye bomba, karibu na mita yenyewe. Ukipima kule injini halafu mita iko mita 15 mbele, mafuta yameshapoa njiani. Nyuzi moja ya kosa kwenye laini yako ya kurudi ni karibu gramu 170 kwa saa.

Kandambili:
Mbona mnajitesa? Zidisha kwa 0.84 maisha yaendelee. Kosa la asilimia 2 au 3 nani analiona?

gaji_na_valvu:
Kwa mita moja ya kujazia tangi, sawa, hakuna atakayelalamika. Hapa unatoa namba mbili kubwa kupata ndogo, kwa hiyo asilimia 2.6 ya densiti kati ya laini hizi mbili imekuwa asilimia 6.5 kwenye matumizi. Mita zenyewe nazo zina shida hiyo hiyo. Zikiwa na usahihi wa asilimia 1 kila moja, na moja ikakosea kwenda juu huku nyingine ikikosea kwenda chini, ni lita 5.5 kwenye tofauti ya lita 72.

Kabla ya kuamini chochote, funga mita zote mbili kwa mfululizo kwenye laini moja, pitisha mafuta yale yale, uone zinapishana kiasi gani. Pishano hilo ndilo la kurekebisha kwenye namba ya pulsi kwa lita, yaani mipigo ya umeme ambayo mita hutoa kwa kila lita.

Bandari_Injini:
Naongezea upande wa meli, maana huku joto halina mzaha. Mafuta mazito ya densiti 985 yakipita kwenye mita kwa nyuzi 130 yanabaki na 906 hivi. Anayezidisha lita hizo kwa 0.985 anaandika karibu asilimia 9 ya mafuta ambayo hayakuchomwa. Na ukilinganisha na tani za risiti ya mafuta, kumbuka tani za kibiashara huhesabiwa kwa uzito wa hewani, yaani ule wa mizani, ambao ni pungufu kidogo kwa kuwa hewa hubeba sehemu ya uzito: toa 1.1 kwenye densiti ya nyuzi 15 (985 inakuwa 983.9) kabla ya kuzidisha.

Kwa Mtambo_Pwani, angalia hewa kwenye laini ya kurudi. Mita ya gia inahesabu povu kama mafuta. Povu la asilimia 3 kwenye lita 238 ni lita 7, na matumizi yako yatashuka kwa kilo 5.8 kwa saa bila mashine kubadilika. Weka kipande cha bomba angavu kabla ya mita utazame. Na kama mita yako ni ya elektroniki, soma mipangilio: nyingine zinatoa lita zilizokwisha kurekebishwa kuwa za nyuzi 15. Ukirekebisha tena, umeharibu. Lita hizo zizidishe kwa 0.845 moja kwa moja.

Mtambo_Pwani:
Shukrani, mita zangu hazina marekebisho. Swali jingine: tangi linachanganya mizigo tofauti, na cheti cha mzigo mpya kimeandikwa densiti ya nyuzi 20. Nifuate ipi?

gaji_na_valvu:
Cheti kinaeleza mzigo, hakielezi mchanganyiko uliomo tangini. Chukua sampuli kwenye laini ya kwenda, baada ya chujio, kwenye silinda ya kioo ya mililita 500. Acha povu liishe, tumbukiza haidromita (kipimo cha densiti kinachoelea) isiguse ukuta, soma pale uso wa mafuta unapokata kipimo, si pale yanapopanda kwenye shina. Pima joto la sampuli papo hapo. Ukisoma 835 kwa nyuzi 29, ongeza 0.7 × 14: unapata 845 ya nyuzi 15.

Ya nyuzi 20 irudishe kwa njia hiyo hiyo, ongeza 3.5. Rudia kipimo kila tangi linapojazwa, mafuta yakishatulia.