Huyu bwana wa daino amenizalia farasi 47 kwa kipanya, kisha akaniuliza kama nimefurahi

Wakuu, salamu nitazitoa nikishapoa, kwa maana hasira niliyo nayo muda huu ikipandishwa kwenye daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu za gari, itang'oa rola. Jina simtaji, na wala hakuna haja, kwa kuwa kila mwenye gari dogo lenye turbo amepita mikononi mwake au anamfahamu aliyepita. Ni yule yule anayesikiliza injini kwa sekunde mbili akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, halafu akatangaza kwamba tatizo ni intakula, yaani kipoza hewa ya turbo. Kwake kila kitu ni intakula. Ukimpelekea gari ambalo taa ya breki haiwaki, utaondoka na intakula.

Gari langu ni Toyota Starlet Glanza V, injini ya 4E-FTE yenye cc 1331, iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 135. Kwa ushauri wake nimeng'oa intakula ndogo inayokaa juu ya injini na kuweka kubwa ya mbele, nimebadilisha bomba la moshi kuanzia kwenye turbo hadi mkiani, nimefunga filta ya hewa ya wazi, busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, imepandishwa, na yeye mwenyewe akafunga kompyuta mpya na kuiandikia programu. Kwa hiyo siku ya kupima nilikwenda nimevaa vizuri.

Gari likafungwa mikanda, likawekwa gia ya nne, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na skrini ikaandika 121 kwenye matairi. Akarudia, namba ikashuka. Akarudia tena, ikashuka zaidi. Sasa naomba mnielewe kuhusu feni: ile feni kubwa ambayo kazi yake ni kupuliza intakula ilikuwa imeelekezwa mezani kwake, karatasi zake zikipepea kama bendera, huku intakula niliyouziwa kwa mbwembwe zote ikichemka bila upepo wowote.

Kisha likatokea jambo ambalo sitalisahau. Hakushika spana. Hakufungua boneti. Hata feni hakuigeuza. Alishika kipanya cha kompyuta, akafungua menyu ya viwango vya kusahihisha matokeo kwa hali ya hewa, akahamisha alama kutoka SAE kwenda STD, na 121 ikawa 126. Akanitazama usoni, akaona bado nimenuna. Akafungua kisanduku kingine, kile cha makadirio ya nguvu inayopotea kati ya kranki, yaani mhimili wa injini, na matairi, akaandika asilimia 25 kwa kidole kimoja, na 126 ikawa 168. Akaigeuza skrini inielekee, akasema kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri zamu: "Haya, umefurahi sasa?"

Umefurahi sasa! Kana kwamba mimi ni mtoto aliyelilia peremende. Gari lilikuwa limezimwa, injini iko kimya, na farasi 47 wameingia zizini bila tone moja la petroli kuungua. Ameniprintia na karatasi, tena ya rangi. Umefurahi sasa!

Rola_Kavu ameandika:
Pole sana mkuu, ila nina swali la kiufundi: je, ulifurahi?

Mzee_wa_Busti ameandika:
Mleta uzi, tufanye hesabu bila machozi. Gari lako linavutwa kwa matairi ya mbele, na injini imelazwa kwa upana pamoja na gia boksi, kwa hiyo wengi hukadiria kwamba hupoteza kati ya asilimia 10 na 15 njiani. Ukichukua 15, ile 121 ya mwanzo ni kama 142 kwenye kranki. Yaani intakula, bomba, filta, kompyuta na kuvaa vizuri vimekuletea farasi 7. Mimi ningekuwa wewe ningeitundika ukutani ile karatasi ya 168 na kunyamaza. Asilimia 25 ni makadirio ya mtu anayepima gari zito linalosukuma matairi yote manne, tena akiwa na haraka ya kwenda kula.

Mleta uzi amejibu:
Mzee wangu, sikuja hapa kuhesabiwa farasi. Nimekuja kusema kwamba mtu mzima alinigeuzia skrini na kuniuliza kama nimefurahi, na watu wakacheka.

Kalibresheni ameandika:
Nadhani tunamwonea fundi katika sehemu moja. STD na SAE vyote ni viwango halali vya kusahihisha matokeo kulingana na hali ya hewa. Tofauti ni kwamba STD hukadiria hewa ya baridi ya nyuzi 15.5 na SAE ya sasa hukadiria nyuzi 25, ndiyo maana STD hutoa namba kubwa kwa takriban asilimia 4 kwa gari lile lile, siku ile ile. Kosa ni kubadilisha kiwango katikati ya kazi na kulinganisha namba mbili kama ndugu. Zaidi ya hapo, masahihisho haya yalitungwa yakilenga injini zinazovuta hewa zenyewe. Turbo ambayo busti yake inadhibitiwa na westigeti, vali inayopunguza moshi unaozungusha turbo, hujifidia yenyewe kwa kiasi fulani hewa ikiwa nyepesi, hivyo ukiisahihisha tena kwa ukamilifu unamlipa mtu mmoja mshahara mara mbili. Ungemwomba akutolee grafu isiyosahihishwa kabisa, yenye mstari wa busti na wa lambda, yaani uwiano wa hewa na petroli, chini yake. Je, mistari hiyo ipo?

Mleta uzi amejibu:
Haipo. Kuna mstari wa nguvu, mstari wa toki (nguvu ya msokoto, kwa Nm), na nembo yake kubwa kuliko mistari yote miwili. Kwenye mizunguko 6000 nguvu imeandikwa 168 na toki Nm 148. Na bado nasikia ile sauti: "Haya, umefurahi sasa?"

Mzee_wa_Busti ameandika:
Subirini kwanza. Nguvu farasi za kimetriki ni toki kwa Nm mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7024. Mia moja arobaini na nane mara 6000, gawanya kwa 7024, unapata 126. Huyu bwana ameongeza nguvu akaisahau toki! Karatasi yako inajisaliti yenyewe, mstari mmoja unasema gari limekuwa simba na mwingine unasema bado ni lile lile. Hata uongo una ufundi wake, na huu umefanywa kwa uvivu.

Gia_ya_Tatu ameandika:
Afadhali wewe alitumia gia ya nne, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyo karibu zaidi na uwiano wa moja kwa moja. Mimi yule yule, mnayemjua, alinipimia kwenye gia ya tatu kwa sababu, nanukuu, "rola zina usingizi leo". Mizunguko ikapanda haraka hadi turbo ikakosa muda wa kujaza busti, grafu ikatoka na bonde katikati, kisha akaniambia bonde hilo ni ishara kwamba nahitaji intakula. Ninayo intakula! Ilikuwa imefungwa pale mbele, anaiona!

Klachi_Marehemu ameandika:
Ninyi mnalia kwa ajili ya namba, mimi nimezika klachi. Alipandisha busti bila kuuliza klachi ni ya aina gani, na kwenye rola mizunguko ikapaa kutoka 4000 hadi 6500 huku kasi ya rola ikiwa imesimama, moshi unatoka chini ya gari, harufu imejaa gereji nzima. Mashine ikakokotoa toki kwa mizunguko iliyopotoka na grafu ikachora mlima mkali kwenye 5000. Unajua alisemaje? "Umeona inavyopanda?" Alikuwa anaonyesha mlima, mimi naangalia moshi.

Rola_Kavu ameandika:
Klachi_Marehemu ameshinda uzi huu. Mleta uzi, malalamiko yako yamepelekwa benchi.

Mleta uzi amejibu:
Sijapelekwa popote. Klachi inanunuliwa. Mimi nilidhalilishwa.

Pshhh ameandika:
Na lile suala la vali ya kupumulia busti? Alinifungia ya kutoa hewa nje, gari likawa linapiga "pshhh" hata nikipunguza mwendo kumpisha kuku. Gari langu hupima hewa kwa sensa iliyoko kabla ya turbo, kwa hiyo kila ninapoachia mafuta, hewa ambayo kompyuta imekwisha kuihesabu inamwagwa nje, petroli inazidi, na injini inakohoa moshi mweusi. Nilipomrudishia, akasema sauti ndiyo niliyolipia.

Kalibresheni ameandika:
Hilo kwa 4E-FTE ya mleta uzi si tatizo, kwa sababu yenyewe hupima shinikizo ndani ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, hivyo hewa inayomwagwa haiingii kwenye hesabu. Lakini kwako wewe yalikuwa makosa ya wazi. Ilipaswa hewa irudishwe kwenye bomba la kuvutia, baada ya sensa na kabla ya turbo.

Pshhh ameandika:
Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi.

Mleta uzi amejibu:
Mmeona? Ni dharau ile ile! Kwako "wewe ndiye fundi", kwangu "umefurahi sasa". Naomba turudi kwenye kipanya.

Gia_ya_Tatu ameandika:
Nikiacha kipanya kidogo, kuna yeyote ambaye injini yake hukatakata juu ya 5500 busti ikiwa kamili? Kwangu amebadilisha koili, amebadilisha pampu ya mafuta, sasa anataja intakula.

Klachi_Marehemu ameandika:
Angalia mwanya wa plagi kabla hajakuuzia gari jipya. Hewa ikishindiliwa zaidi, cheche inapata shida kuruka, na mwanya wa kiwandani wa milimita 1.1 unaweza kuzimwa na busti mpya. Wengi hushusha hadi karibu 0.7 au 0.8 na kutumia plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, kwa hatua moja.

Mzee_wa_Busti ameandika:
Mimi aliniwekea plagi za moto badala ya baridi. Injini ikaanza kugonga kwenye rola, yeye akaongeza sauti ya redio.

Gia_ya_Tatu ameandika:
Nimezitoa sasa hivi, mwanya ni 1.1 kwenye zote nne. Na moja si ya kampuni moja na wenzake.

Pshhh ameandika:
Piga picha ya hiyo moja uiweke hapa. Nahisi ni yangu.