Msaada: "cookie-cutter" inatumikaje kwenye ripoti ya Kiingereza?

Mwanaripoti: Wakuu salaam. Naandaa ripoti ya mafunzo ya walimu. Nataka kusema kila shule ilipewa mpango uleule bila kujali mazingira yake. Nimeandika: "The plans were cookie cutters for all schools." Mhariri kaipigia mstari mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?

Kalamu_Nyekundu: Umeifanya nomino, mkuu. "Cookie cutter" bila kistari ni kile kifaa cha bati au plastiki cha kukatia biskuti kabla hazijaokwa, kwa hiyo sentensi yako inasema mipango ni vyombo vya jikoni. Sitiari yenyewe ni kivumishi: weka kistari, itangulize kabla ya nomino, na isiguswe na wingi. "A cookie-cutter plan", "cookie-cutter plans". Hiyo "s" hutuponyoka kwa sababu kivumishi chetu hupatana na nomino, mpango mbaya, mipango mibaya. Cha Kiingereza hakibadiliki.

BiMkubwa_Tanga: Na uzingatie kwamba hilo ni neno la lawama. Kufanana kukiwa jambo zuri, mfano shule zote kusahihisha mtihani kwa vigezo vilevile, andika "uniform" au "consistent". Wamarekani hupenda kulitumia kwa mitaa ya nyumba za ramani moja. Chukua Levittown, jimbo la New York: kati ya 1947 na 1951 zilijengwa nyumba zaidi ya 17,000 kwa ramani chache tu, kila kikundi cha mafundi kikifanya kazi yake moja na kuhamia nyumba inayofuata. Ukisema "cookie-cutter houses" hapo, msomaji anaiona picha mara moja.

Mwanaripoti: Asanteni sana. Je, "one-size-fits-all" na "cut from the same cloth" zingefaa?

Kalamu_Nyekundu: Ya pili hapana, hiyo ni ya watu wenye tabia au hulka moja. Ya kwanza ndiyo hasa unayoihitaji. "Cookie-cutter" inalaumu ukosefu wa ubunifu, kwamba kitu kimenakiliwa tu. "One-size-fits-all" inalaumu dhana kwamba wote wanalingana mahitaji, na hilo ndilo lalamiko lako. Ina vistari vitatu, usiruke hata kimoja. Usizichanganye zote mbili kwenye sentensi moja, picha zitagongana. Alama za kunukuu pia usiziweke, zinaonyesha kama hulimudu neno.

BiMkubwa_Tanga: Nakazia: sitiari peke yake haithibitishi kitu kwenye ripoti. Ifuatishie ushahidi hapohapo: "Every school received a one-size-fits-all plan: even those without electricity were assigned weekly computer lessons." Badili sehemu ya baada ya nukta mbili kulingana na data zako. Huna mfano wa kuweka pale? Futa sitiari, andika "the same plan", inatosha.