Mrejesho: Mzozo wa dirisha ofisini, Arusha

Wakuu, niliuliza nifanyeje na mwenzangu anayeacha dirisha wazi asubuhi nzima na baridi hii ya Julai. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kumwita pembeni saa ya chai, si mbele ya watu. Kumbe alikuwa anakerwa na harufu ya printa iliyo nyuma ya kiti chake. Tumeihamishia koridoni kwa kebo ya USB ya mita 5 (ndefu zaidi ya hapo mawasiliano huweza kukatika). Dirisha sasa linafunguliwa saa 5 hadi saa 9, kioo cha juu tu, upepo usinipige mgongoni.

Ushauri wa kubadilishana meza naye umeshindikana: soketi ni moja, na ekstensheni ikikatiza njia watu watajikwaa. Kero yangu nyingine, simu anazopiga kwa spika, bado ipo. Kumwachia mtu kikaratasi cha malalamiko mezani msijaribu. Nilianza nacho, akanuna siku 2.