Adabu za Waingereza: ni uungwana, au ni ukuta wenye tabasamu?

Mtoto wa Ngamiani, Sheffield

Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye harusi ya Mtanzania mwenzetu hapa Sheffield, na meza yetu iligawanyika pande mbili mpaka biriani ikapoa. Kaka mmoja alisema katika nchi zote alizoishi hajaona watu wenye adabu kama Waingereza. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mkabala naye akaweka kijiko chini. "Adabu? Jirani yangu nina miaka tisa naye ukuta kwa ukuta, na sijui mumewe anaitwa nani."

Mimi niko upande wa mama, ingawa si kwa moyo wote, ndiyo maana nimelileta kwenu.

Nina miaka kumi na moja hapa. Sheria za barabarani nilizisoma, za uhamiaji nilizisoma mpaka macho yakauma. Zisizoandikwa popote ndizo zilizonitesa. Wiki ya kwanza kazini (nafanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee) mwenzangu alinipita kwenye korido akaniambia "olraiti?" Nikasimama, nikaanza kumweleza: mgongo unauma, mwenye nyumba hajatengeneza hita, mama kule Tanga presha imepanda. Yule bwana alikuwa njiani anaenda zake. Akapunguza mwendo, akawa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni huku anatikisa kichwa kwa huruma. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba lile halikuwa swali.

Kisha nikaalikwa "tea" saa kumi na moja jioni. Nikajua ni chai. Nikala wali wangu nikashiba, nikaenda, nikakuta mezani viazi, nyama na mboga, maana huku kaskazini neno hilo ndilo chakula cha jioni. Siku hiyo nilikula mara mbili na tabasamu usoni.

Lililoniuma ni la sahani. Jumapili moja mke wangu alikaanga maandazi, nikampelekea jirani, bibi anayeishi peke yake. Sikupiga simu, nani anapiga simu kupeleka maandazi? Akafungua mlango nusu, mkono kwenye kitasa, uso umeshtuka kana kwamba nimeleta habari ya msiba. Alishukuru sana, alishukuru mara tano, lakini ile nusu ya pili ya mlango haikufunguka. Siku mbili baadaye sahani ikarudi imesuguliwa inang'aa, tupu, na kadi ya asante juu yake. Kwetu Tanga sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, utatia hata ndimu mbili.

Sasa hoja yangu. Kusema sori hata pale unapokanyagwa wewe, kuzungumzia mvua ili msizungumzie mengine, kutopiga hodi bila miadi, kunyamaza kwenye treni: kanuni zote hizi ukizikamua zinatoa neno moja, usimsumbue mwenzako. Za kwetu zinatoa neno jingine, usimwache mwenzako peke yake. Januari 2018 serikali ya nchi hii iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Nchi iliyofika mahali pa kumkabidhi waziri kazi ya jirani mwenye sahani ya maandazi, mimi nashindwa kuiita nchi ya adabu. Nisahihisheni.

Dereva wa Bristol

Mkuu, unachanganya adabu na mapenzi. Adabu ni kile ninachokutendea hata kama sikupendi.

Nimeendesha daladala Dar miaka saba, sasa naendesha basi hapa. Abiria akishuka anasema asante dereva. Mtoto wa shule anasema, mlevi wa usiku anasema, hata niliyemchelewesha dakika ishirini anasema. Gongo la Mboto nilikuwa nasikia "shusha!" na kofi kwenye bodi ya gari. Huku hakuna anayenipenda, nakubali. Lakini hakuna siku nimerudi nyumbani nikijiona punda.

Na foleni, mkuu, mbona umeiruka? Septemba 2022, alipofariki Malkia Elizabeth, watu wapatao 250,000 walipanga mstari kando ya mto Thames, mkia wake Southwark Park, kwenda kumuaga Westminster Hall. Wapo waliosubiri karibu saa 24. David Beckham, ambaye angepiga simu moja tu akapitishwa mlango wa nyuma, alisimama zaidi ya saa 12 pamoja na wauza samaki na manesi. Foleni haiulizi wewe mtoto wa nani. Kwa mtu kama mimi, ambaye sijawahi kuwa na mjomba ofisini, hiyo ni heshima kuliko kapu zima la maandazi.

Na msidhani wamezaliwa nayo. Chakula chao kiligawiwa kwa mgao kuanzia 1940 hadi 1954. Kizazi kizima kilikulia mstarini. Wazazi wetu nao wanaikumbuka mistari ya sukari na sabuni ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mpaka leo uswahilini ndoo zinapanga foleni bombani wenyewe wamekaa kivulini, na ole wake atakayesogeza ndoo ya mtu. Kwa hiyo kujua tunajua. Tunachagua tu wapi tujue.

Mkenya wa Reading

Mimi nina moja tu, ya chai. Sehemu kubwa ya chai inayonywewa nchi hii inatoka kwetu, na bado kuna siku nilionekana sijui chai. Ofisini nilikuwa naenda jikoni najipikia kikombe changu narudi kukaa. Miezi mitatu! Hakuna aliyenikemea. Nikaona tu kimya kimekuwa kizito. Ndipo dada mmoja Mpolandi akanivuta kando: ukiinuka kwenda kuchemsha maji lazima uulize chumba kizima nani anataka, na ukumbuke nani anatia sukari na nani hatii. Kumbe nilikuwa mchoyo wa idara.

Kwa hiyo, ndugu wa Sheffield, wanajua kushirikiana. Ila kosa lako hawakwambii. Nyanyangu angenitukana siku ya kwanza na siku ya pili tumesahau.

Mwalimu wa Pwani, London

Nataka kumjibu kaka wa Ngamiani kwa upole, maana yale ya korido yamenichekesha na kuniuma.

Kaka, salamu ipi kwetu ni swali? "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Mtu kalaza mtoto hospitali na kodi imemshinda, atajibu nzuri kwanza. Wanafunzi wangu Waingereza wanaona sisi ndio wanafiki: mtu aseme nzuri halafu alie? Nawaeleza kwamba kwetu baada ya nzuri kuna mlango mdogo unaitwa "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Mwenzako akisikia ila, lazima asimame. Nadhani ndicho ulichokikosa pale koridoni: neno la kumsimamisha mtu. Wao pia wanalo, nimelisikia. Mtu akijibu "si mbaya sana" kwa sauti inayoshuka mwishoni, Mwingereza mwenzake husimama. Sisi hatusikii ile sauti kama wao wasivyosikia ila yetu.

Na ukiwakuta watu wanakula Zanzibar wakakwambia karibu, utajibu "starehe" ukapita. Mgeni akivuta kiti kweli, patakuwa na dakika ngumu. Basi tusijifanye kwamba sisi kila tusemacho tunamaanisha.

Tatizo langu na adabu zao ni jingine kabisa, nalo halijatajwa. Mwaka 1954 mtaalamu wa lugha wa Birmingham, Alan Ross, aliandika jinsi tabaka la juu la Uingereza linavyojitambua kwa maneno madogo: choo unakiitaje, kitambaa cha mezani unakiitaje. Neno moja tu na umejulikana ulikotoka. Kanuni ikiandikwa, mgeni anaweza kuisoma usiku akaamka sawa na mwenyeji. Isipoandikwa, mwenyeji ana ufunguo na mgeni hana. Lakini kabla hatujawacheka, neno letu "muungwana" lilikuwa na maana gani zamani? Mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni sifa ya tabia. Asili yake ni mlango uliofungwa.

Halafu kuna hili linalonifurahisha: wenyewe hawazivunji kanuni zao hata zikiwaumiza. Kwenye ngazi za umeme za reli za chini ya ardhi London, unasimama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Mwaka 2015 wasimamizi walijaribu kituo cha Holborn, ngazi ndefu sana, watu wasimame pande zote mbili. Ikaonekana wanapita watu wengi zaidi. Abiria walikasirika kama wametukaniwa mama, na leo kulia ni kulia.

Kuhusu sori, wala isikusumbue. Hata sheria yao ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Neno limekuwa mafuta ya bawaba.

Mtu wa Glasgow

Naomba jamani, Kiswahili chetu kinawaita wote Waingereza, lakini hapa Scotland ukimwita mtu hivyo utaijua adabu ya kweli. Na huku basi zima linaongea. Hayo ya kunyamaza ni ya kusini. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja aligawa beji kwenye treni za London za kuwahimiza abiria waongee; watu wa London waliogopa kama wamegawiwa nyoka. Huku angeonekana anapoteza beji.

Mzee wa Leicester

Wanangu, nimewasoma wote. Niwape mawili, kila mmoja abebe lake.

La kwanza. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije Leicester. Tangazo halikutukana. Lilisema ni kwa faida yenu wenyewe na familia zenu. Waliolisoma wakaja hivyo hivyo, ndio majirani zangu leo, na wananieleza kwa Kiswahili chao cha Kampala na Jinja kwamba hawajawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile. Mtoto wa Ngamiani hajakosea anaposema kuna ukuta nyuma ya tabasamu.

La pili. Baba yangu alipofariki Kigoma sikuwa na nauli ya kwenda kuzika. Nilikuwa nafanya usiku kiwandani. Hakuna aliyekuja kukaa matanga, hakuna aliyeleta sukari wala mkeka. Nikakaa chumbani na simu. Niliporudi kazini mwenzangu mmoja, Mwingereza wa makamo tuliyefanya naye miaka minne tukizungumzia mpira na mvua tu, hakusema pole. Hakutaja kitu. Nilimchukia siku ile. Ijumaa nikatazama ratiba nikaona jina langu limefutwa zamu za usiku kwa majuma matatu, limeandikwa lake. Hakuniambia kabla, hakuniambia baadaye, na nilipomshukuru alitazama viatu akasema mvua inakuja.

Nimeishi na jambo hilo miaka mingi. Kuna siku nasema yule ndiye muungwana kuliko wote niliowajua. Na kuna siku nasema, majuma yale matatu ya kulala usiku sikulala hata usiku mmoja, na laiti angekaa nami nusu saa, zamu zile zote akaniachia nizifanye mwenyewe.

Mtoto wa Ngamiani, Sheffield

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili, nikampa na mke wangu.

Dereva, kwenye foleni umenikamata, sina jibu. Mtu asiye na mjomba anaihitaji foleni kuliko anavyonihitaji mimi na maandazi yangu. Mwalimu, ile ya ila nimeichukua. Kesho nitatega sikio koridoni.

Ila (hiyo hapo) bado sijahama. Nina kijana wa miaka minane, kazaliwa hapa. Juzi aligonga kiti akakiambia sori. Nikacheka. Jioni wakaja wageni kutoka Rotherham, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "baba, wataondoka saa ngapi?" Sikucheka. Hakuna aliyemfundisha, amevuta tu hewani. Nikimkataza atakuwa mgeni shuleni kwake. Nikimwacha atakuwa mgeni Tanga kwa bibi yake, ambaye mlango wake haujui miadi. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, lakini hawakusema mtoto uliyemzaa huko utamfumbua lini. Wenye watoto mnafanyaje? Hilo ndilo swali, harusi ilikuwa kisingizio.

Na habari za yule bibi jirani. Jumanne alituletea keki. Aliandika ujumbe siku moja kabla kuuliza saa ngapi itatufaa, akaja dakika ile ile, akakataa kuingia, akaondoka. Sahani yake ipo jikoni kwangu tangu siku hiyo. Kijana anasema tumwandikie kwanza tumuulize kama ana nafasi. Mke wangu hasikilizi, anakunja sambusa.

Dereva wa Bristol

Tieni na kadi.