Waya umekwanguliwa mbele ya macho ya muuzaji, eti "hiyo ni silva, bosi"!

Ganda_Nene (mleta uzi)

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Simtaji, mnamjua wote: yule muuza waya wa Kariakoo mwenye kikokotoo kilichofungwa kamba na rula ya mbao ambayo mita yake moja ina sentimita tisini.

Leo waya wake wa spika umekwanguliwa kwa wembe pale pale mezani. Juu nyekundu ya shaba, chini nyeupe pee. Jamaa hata hakupepesa: "Hiyo ni silva, bosi, ndiyo maana ina bei."

Silva! Roli zima la waya wa madini ya fedha tupu, limening'inizwa kwenye msumari karibu na ndala! Masonara wa mji mzima si wangekuwa wanalala mlangoni kwake?

Ile ni alumini iliyopakwa shaba. Kwenye ganda huandikwa CCA, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Waya wa shaba wa koa mbili (njia mbili ndani yake), milimita 2.5 za mraba kila moja, mita 10, una karibu gramu 450 za shaba kabla hujapima ganda. Huo wa "silva" haufiki gramu 200, ukiushika ni kama kamba ya kuanikia nguo. Ukinzani wake (unavyozuia umeme) ni kama mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo hata ungekuwa 2.5 ya kweli, ungefanya kazi ya 1.5.

Na si 2.5 ya kweli! Nje kimeandikwa kipimo hicho, ndani ukihesabu nyuzi zimo 28. Fleksi (waya laini wa nyuzi nyingi) halali ya 2.5 ina nyuzi kama 50 za unene huo huo, robo milimita. Ganda nene kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani vinywele vya mtoto mchanga. Piga hesabu: hapo umelipia 2.5, umebeba kitu cha kufanana na shaba ya 0.85.

Halafu "ndiyo maana ina bei". Mbele ya wembe!

Fundi_Bila_Cheti

Pole mkuu, ila na nyie wanunuzi mmezidi. Ukitamka neno "spika" dukani bei inapanda kabla hujamaliza sentensi. Nenda duka la vifaa vya umeme, sema "fleksi ya koa mbili, moja na nusu", nyamaza. Usichukue ile ya waya mmoja mgumu wa kupitisha ukutani, hiyo ukiikunja kunja inakatika ndani kwa ndani.

Kanuni ni moja: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Spika ya omu 8, shaba ya 0.75 inakufikisha mita 8. Ya 1.5 inafika mita 16. Ya 2.5 inafika 28. Spika ya omu 4, gawa kwa mbili. Sasa sebule ya nani hapa ina mita 28?

Mzee_wa_Kaseti

Vijana mnahangaika bure. Tembea na sumaku mfukoni. Shaba haishikwi na sumaku, kesi imeisha.

Fundi_Bila_Cheti

Shikamoo mzee. Alumini nayo haishikwi. Sumaku itakukamatia chuma kilichopakwa shaba tu. Chomoa uzi mmoja, uweke mbali na ganda, upige moto wa kiberiti cha gesi. Alumini inalegea na kujikunja kitone, shaba inaiva nyekundu na kubaki imenyooka. Au kwangua, kama alivyofanya mleta uzi.

Mzee_wa_Kaseti

Marahaba. Miaka yote hiyo nimebeba sumaku.

Besi_Kifuani

😂😂 "Silva, bosi" nimeshaiweka status. Ila mleta uzi una kelele kuliko spika zenyewe. CCA si sumu. Chukua ya 4 badala ya 2.5, kwa mita mbili tatu hakuna sikio la binadamu litakalojua.

Ganda_Nene

Soma kwanza ndipo ujibu. Angesema "bosi, hii ni CCA, chukua nene kidogo, bei nusu", nani angelalamika? Kasema SILVA. Wembe bado uko mezani, unga mweupe uko juu ya wembe, anasema silva!

Na hiyo CCA yako ukiibana kwenye skrubu ya ampu (mashine ya kukuza sauti), alumini inabonyea taratibu, kiungo kinalegea. Ukizisokota nyuzi mara mbili tatu zinaanza kukatika. Uzi mmoja ukidondokea terminali ya jirani, ukiwa na bahati ampu inajizima. Usipokuwa nayo, transista za mwisho zinakuaga kwa moshi.

Besi_Kifuani

Moshi wa silva huo, usiuache upotee.

Mama_Twita

Mnazidisha pande zote. Ampu ikiandikwa dampingi (uwezo wa kuituliza spika) 200 kwa omu 8, ndani yake kuna omu 0.04, yaani 8 gawa kwa 200. Funga mita 10 za shaba safi ya 1.5, hizo ni omu 0.24 zaidi, na ile 200 ya kwenye kartoni imebaki 28. Na 28 bado besi inasimama vizuri tu. Waliolipia 200 ndio walie, si huyu wa waya.

Kijana_wa_Bodi

Samahani wakuu, nje ya mada kidogo. Hivi vibodi vya ampu vyenye chipu ya TPA3116, hasi za spika mbili zinaweza kurudi kwa waya mmoja ili kubana matumizi? Koa tatu badala ya nne.

Fundi_Bila_Cheti

USITHUBUTU. Kwenye vibodi hivyo "hasi" haiko ardhini, waya zote mbili za kila spika zina moto wa ampu. Ukiziunganisha umeshoti tokeo moja na jingine. Kila spika na koa zake mbili, na hata moja isiguse kasha la chuma. Kuhusu ncha: kama ni za skrubu usizipake risasi ya kulehemu, risasi inabonyea na kulegea. Menya milimita 10, sokota, bana, rudi baada ya wiki ukaze tena.

Chuma_Cha_Dhahabu

Afadhali nyie wa waya. Huyo huyo ndiye anauza plagi za banana "za dhahabu". Zinashikwa na sumaku! Dhahabu gani inarukia sumaku?

Mzee_wa_Kaseti

Kumbe sumaku yangu ina kazi.

Mama_Twita

Na ampu zake za "wati 2000"? Adapta yake ni volti 12, ampea 5. Hizo ni wati 60 zinazoingia. Nyingine 1940 zinatoka kwa babu.

Besi_Kifuani

Zinatoka kwenye silva.

Ganda_Nene

Turudi kwenye mada jamani. Mtu kakwanguliwa waya, kaona kwa macho yake mawili...

Chuma_Cha_Dhahabu

Mkuu, uzi wako sasa una nyuzi nyingi kuliko waya wenyewe. Mama Twita, hiyo adapta ya ampea 5 ni ampea 5 kweli, au nayo ni mbili?

Kijana_wa_Bodi

Ya kwangu imeandikwa 5, ukigusa sauti tu taa inafifia.

Mama_Twita

Ipime uzito. Kama ni nyepesi kama kiberiti, ni mbili.