Mjadala: Hapa Uganda, paka ahasiwe akiwa na miezi mingapi?

Mlezi wa paka, Ntinda

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu jibu ninalolisikia karibu kila kliniki ni moja: mlete akifika miezi sita. Mimi nasema miezi sita ni kuchelewa, na kwa nchi yetu ni kuchelewa kuliko kwingine. Ahasiwe akiwa na miezi minne, jike kwa dume.

Sababu kubwa ni jua. Paka jike huingia joto, yaani huwa tayari kupandwa, kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya siku zikifupika wakati wa baridi, majike wengi hutulia miezi kadhaa mpaka mwanga urudi. Sisi mstari wa ikweta unapita Kayabwe, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo jike wa Kawempe hana msimu wa kupumzika. Anaweza kupevuka akiwa na miezi minne tu, uzito wake ukishapita kilo mbili, na mimba yake ni wiki tisa. Pigeni hesabu. Aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari anaweza kushika mimba katikati ya Mei, akazaa katikati ya Julai. Ile miadi ya miezi sita inaangukia Julai hiyo hiyo! Na akiwa bado ananyonyesha anaweza kushika nyingine.

Kuna na suala la matiti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa jike aliyefungwa kizazi kabla ya miezi sita, hatari yake ya saratani ya matiti hupungua kwa asilimia 91. Akifungwa kati ya miezi saba na mwaka mmoja bado anafaidika sana, asilimia 86, lakini baada ya hapo faida inaporomoka. Saratani hiyo kwa paka mara nyingi ni ile inayosambaa, kwa hiyo si jambo la kusema tutaona baadaye.

Mwaka 2016 jopo la madaktari wa wanyama huko Marekani lilipendekeza paka ahasiwe kabla hajapita miezi mitano, na mwaka uliofuata chama chao cha kitaifa kikaunga mkono. Wenye majira ya baridi wameteremsha umri. Sisi ambao paka wetu huzaa mwaka mzima tunangoja nini?

Muuza nafaka, Kalerwe

Mama, paka wako analala kwenye kochi. Wangu analinda magunia ya mahindi na maharage. Akikatwa atanenepa, atalala, na panya watanimaliza. Tena jike mwenye watoto ndiye mwindaji hodari kuliko wote, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwacheni azae mara moja, mwili wake ukomae, ndipo mzungumze habari ya kisu.

Daktari wa mifugo, Arua

Nianze na huyu wa Kalerwe. Kweli, jike anayelea huwinda zaidi kwa sababu ana midomo ya kulisha. Lakini uwindaji wenyewe hautoki kwenye ovari wala korodani. Paka aliyehasiwa huendelea kukamata panya. Kinachobadilika ni mahitaji ya chakula, yanayoshuka kwa takriban robo, huku hamu ya kula ikipanda. Ukimwekea sahani ile ile ya mukene (dagaa) na posho (ugali), atanenepa. Punguza chakula. Na hilo la kuzaa mara moja ili mwili ukomae halina msingi wowote wa kitabibu. Huko kuchelewa kwa kungoja azae ndiko kunakoanza kuipoteza kinga ya saratani aliyoitaja mama.

Sasa mama wa Ntinda, kwa heshima zote, umezungumza umri tu. Hujazungumza meza ya upasuaji. Mimi kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Sina mashine ya gesi ya nusu kaputi, nina dawa ya sindano. Paka wa kilo moja ukikosea kipimo kidogo tu, umemuua. Mwili wake mdogo hupoteza joto haraka akishalala, na sukari yake ya damu hushuka upesi. Mkubwa unaweza kumnyima chakula usiku kucha kabla ya upasuaji. Mtoto ukimfanyia hivyo unamletea hatari wewe mwenyewe. Asikae na njaa zaidi ya saa mbili hadi nne, awe juu ya kitu chenye joto tangu anaposinzia mpaka anapoamka, na apewe chakula mara akishasimama vizuri.

Sikatai sayansi. Kwenye makazi ya wanyama ya nchi tajiri wanahasi hata wa wiki nane, mradi afikishe kilo moja, na wanapona haraka kuliko wakubwa kwa sababu hawana mafuta tumboni na mishipa yao ni midogo, damu haitoki sana. Utafiti wa mwaka 2004 uliofuatilia paka 1,660 waliochukuliwa kutoka makazi ya wanyama haukukuta madhara makubwa kwa waliohasiwa mapema, isipokuwa walikuwa waoga kidogo zaidi mbele ya wageni. Ile hofu ya njia ya mkojo ya dume kubaki nyembamba nayo ilipimwa, haikuthibitika. Ila wale walikuwa na vifaa. Kwangu mimi jike anakuja akiwa na kilo mbili, miezi minne na nusu au mitano, siku saba kabla au baada haijalishi. Dume ni kazi ndogo, nampokea wa minne bila wasiwasi.

Jambo moja ninaliomba sana: acheni kuwadunga paka sindano za uzazi wa mpango za binadamu. Naletewa majike wenye usaha kwenye mfuko wa uzazi na matiti yaliyovimba. Hiyo si njia ya bei nafuu, maana mwisho wake ni upasuaji mkubwa zaidi.

Hajati, Bombo

Assalaam alaykum. Sisi tumelelewa na paka nyumbani, na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula tunaijua tangu madrasa. Kuhusu kuhasi, wanazuoni wamehitilafiana: wapo waliokataza, wapo walioruhusu penye maslahi na pasipo na madhara. Nawafuata hao wa pili. Lakini nauliza: haja ya mtoto wa miezi minne ni ipi? Bado hajamsumbua mtu. Si tungoje haja ionekane?

Mlezi wa paka, Ntinda

Wa alaykum salaam, Hajati. Haja ikishaonekana, imekwisha kuzaliwa. Ni wale watoto wanaofungwa kwenye mfuko na kutupwa mtaroni, wengine macho hayajafunguka. Mimi siwezi kusema hilo ni dhara dogo kuliko jeraha linalopona ndani ya siku kumi. Dume vilevile, ukingoja aanze kunyunyiza mkojo ukutani na kupigana usiku, tabia huweza kubaki hata baada ya kuhasiwa. Na kwenye kupigana ndiko wanakoambukizana maradhi kwa kung'atana.

Daktari, hoja ya meza naichukua kwa uzito. Lakini naomba tusiifanye kanuni ya nchi nzima. Kampala kuna kliniki zenye mashine na joto, na Makerere ina chuo kizima cha tiba ya mifugo. Huko miezi minne inawezekana leo, tena inaoana na chanjo: ya kichaa cha mbwa huanza miezi mitatu, na duru ya mwisho ya zile nyingine huishia karibu na wiki ya 16. Safari moja ya boda inamaliza yote mawili. Arua wewe ukisema mitano, mwenye paka amfungie ndani huo mwezi mmoja wa katikati. Ninachokataa ni ule wa sita kutajwa kwa mazoea tu.

Muuza nafaka, Kalerwe

Mmenijibu vizuri kuhusu panya. Sasa fedha. Nikifungia paka ndani, nani analinda mahindi? Na daktari hafanyi bure.

Daktari wa mifugo, Arua

Wa sokoni usimfungie. Ukimshika amefika kilo mbili, mlete siku hiyo hiyo, usihesabu miezi, kwa sababu wiki ijayo hutamkamata. Anza na majike, maana dume mmoja akibaki anatosha kupandisha soko zima. Na msije mmoja mmoja. Wenye vibanda mnachangia mlinzi wa usiku kila mwezi. Changieni na hili, mjikusanye paka wanane au kumi kwa siku moja, daktari apange dawa na muda wake mara moja. Nijulishe mwenyekiti wenu wa soko ni nani, nimwandikie ni vitu gani vya kuandaa.